Tope la Chokaa Linapokutana na Moshi wa Makaa

Aliyewahi kuchemsha chai kwa maji ya kisima Dodoma analijua gamba jeupe linaloganda ndani ya birika. Likwangue leo kwa kijiko, wiki ijayo limerudi. Kinacholileta ndicho kinachoifanya sabuni igome kutoa povu. Watu husema maji yana chumvi, na hawakosei sana, ila si chumvi ya mezani peke yake. Ni kalsiamu na magnesiamu ambazo maji yamezichota yakipita kwenye miamba. Ukiyapasha moto, sehemu ya kalsiamu hugeuka jiwe. Kwa mkemia, gamba la birika, ganda la yai, tumbawe la baharini na jiwe la chokaa vyote ni kitu kimoja: kaboneti ya kalsiamu.

Iko miji inayolikwangua birika lake kwa pamoja, kila siku, kabla maji hayajafika majumbani. Swali lake ni dogo na zito: magamba yote hayo yatupwe wapi?

Mwaka 1841 mkemia Thomas Clark wa Aberdeen, Uskoti, alipata hataza ya njia inayosikika kama utani. Ukitaka kutoa chokaa majini, alisema, tia chokaa. Siri yake ni kwamba kalsiamu hukaa majini bila kuonekana kwa sababu imeshikiliwa na gesi ya kaboni iliyoyeyuka humo. Chokaa iliyotoka tanuruni nayo ina njaa ya gesi hiyo hiyo. Wajenzi wa pwani wanaijua njaa hiyo hata kama hawaiiti kemia: tumbawe lililochomwa, likamwagiwa maji na kupigwa lipu ukutani, huinywa hewa polepole hadi ligeuke jiwe tena. Ukiitia chokaa hiyo kwenye maji magumu inainyang'anya kalsiamu iliyomo gesi iliyokuwa inaishikilia majini, na zote mbili, ya guniani na ya majini, zinageuka unga mweupe na kuzama.

Zote mbili. Hapo ndipo mzigo unapoanzia. Kwenye karatasi, kilo 56 za chokaa ya tanuruni huzaa kilo 200 za kaboneti. Kiwandani hesabu haifiki hapo, maana sehemu ya chokaa huishia kwenye magnesiamu na kwenye gesi iliyokuwa imejiyeyukia tu majini. Hata hivyo kinachotoka ni kingi kuliko kilichoingia, na kinatoka kimelowa chapachapa, kizito kama uji wa mgonjwa.

Majimbo ya katikati ya Marekani yamekaa juu ya miamba ya chokaa, na maji yake ni magumu kweli kweli. Minneapolis na Saint Paul hulainisha maji ya mto Mississippi kwa chokaa. Columbus, Ohio, vivyo hivyo. Des Moines na Ames, Iowa, vivyo hivyo. Nyuma ya mitambo ya namna hii ni kawaida kukuta mabwawa makubwa meupe, kama maziwa yaliyoganda, yakisubiri kukauka na kuchotwa. Wakulima huchukua sehemu wakaimwaga mashambani kupunguza asidi ya udongo. Kinachobaki hulala bwawani, na bwawa likijaa linachimbwa lingine.

Upande wa pili wa mji kuna bomba la moshi.

Moshi unaooshwa

Makaa ya mawe yana salfa. Hutofautiana sana, kuna yenye chini ya asilimia 1 na kuna yenye asilimia 3 au zaidi. Salfa ikiungua huwa dioksidi ya salfa, gesi inayokaba koo, inayowabana zaidi wenye pumu, na inayorudi ardhini na mvua ikiwa asidi. London iliilipa gharama Desemba 1952, moshi wa makaa ulipolala juu ya mji kwa siku 5. Waliokufa walikadiriwa kwanza kuwa 4,000. Makadirio ya baadaye yamefika 12,000.

Jambo ninalolipenda katika historia hii ni kwamba London hiyo hiyo tayari ilikuwa na dawa mkononi. Kituo cha umeme cha Battersea, kilichoanza kazi mwaka 1933 kando ya mto Thames, kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza duniani kuosha moshi wake. Kiliuosha kwa maji ya mto pamoja na unga wa chaki. Thames hupita kwenye miamba ya chaki, kwa hiyo maji yake yenyewe ni magumu na yana uwezo fulani wa kuua asidi. Kasoro inayochafua birika la Mwingereza ndiyo iliyofua moshi wa Battersea. (Maji machafu ya kuoshea yalirudishwa mtoni. Tusiwasifu kupita kiasi.)

Mitambo ya leo hufanya kazi kwa wazo lile lile, kwa ustadi zaidi. Jenga mnara mrefu mtupu. Moshi uingie chini, upande juu. Kutoka juu uunyeshee mvua nzito ya maji yaliyochanganywa na unga wa jiwe la chokaa. Gesi ya salfa huyeyuka kwenye matone na kuwa asidi, asidi inalila jiwe, na kalsiamu inaikamata salfa. Chini ya mnara hupulizwa hewa ili kazi ikamilike, na kinachobaki ni jipsamu, ile ile ya dari na kuta za ndani. Kilo 100 za kaboneti safi hukamata kilo 64 za dioksidi ya salfa na kuacha kilo 172 za jipsamu. Moshi unaotoka juu unaonekana mweupe kuliko ulioingia, kwa sababu sasa sehemu kubwa inayoonekana ni mvuke.

Kituo cha umeme kinalipata wapi hilo jiwe? Machimboni. Linalipuliwa, linavunjwa, linabebwa, kisha linasagwa kwenye vinu vikubwa hadi punje 9 kati ya 10 ziwe ndogo kuliko mikroni 45 hivi, laini kuliko unga wa ngano. Lazima liwe laini kiasi hicho, maana asidi hulila jiwe kuanzia nje. Ukiipunguza punje upana kwa nusu, uzito ule ule wa unga unapata ngozi mara mbili ya kuguswa. Vinu hivyo vinakula umeme, yaani kituo kinachoma makaa zaidi ili kisage jiwe la kusafishia moshi wa makaa.

Sasa rudi kwenye bwawa jeupe la Ames au Des Moines. Lililomo ni kaboneti ya kalsiamu, jiwe lile lile. Nalo halikusagwa na mtu: lilizaliwa likiwa unga, punje kwa punje, ndani ya maji, na punje zake kwa kawaida ni ndogo kuliko kinu kinavyoweza kuzifikisha kwa gharama ya maana. Mji unalipa kulitupa. Kituo cha umeme kinalipa kuchimba na kusaga kitu hicho hicho. Mwaka 2005 watafiti wa Iowa State University, iliyoko Ames kwenyewe, walitoa ripoti iliyopitia matumizi kadhaa ya tope hili, kuanzia saruji hadi kutuliza vumbi la barabara za changarawe, na kuosha moshi wa makaa kulikuwemo.

Ukisoma hadi hapa unaweza kudhani jambo limekwisha: taka ya huyu ni dawa ya yule, walete lori. Lakini kemia ndiyo sehemu rahisi ya habari hii.

Hesabu ya lori

Tuchukue mji unaotumia tani 10 za chokaa kwa siku. Tuwe wakarimu, tuseme unapata tani 35 za kaboneti kavu. Hizo zinaweza kukamata tani 22 hivi za dioksidi ya salfa.

Kituo cha umeme cha megawati 500 kinachofanya kazi kwa nguvu zote huchoma makaa karibu tani 5,000 kwa siku. Kama makaa yana salfa asilimia 3, kila tani inatoa kilo 60 za gesi, jumla tani 300. Kuikamata yote kunataka tani 470 hivi za kaboneti. Mji wetu, kwa ukarimu wote, umechangia asilimia 7. Kituo bado kinahitaji machimbo yake, vinu vyake na mkataba wake wa mawe, na tope la mji linakuwa kama kitoweo cha jirani: linapokelewa kwa shukrani, lakini hakuna anayeacha kwenda sokoni kwa sababu yake.

Hesabu inageuka ukibadili makaa. Vituo vingi vya majimbo hayo ya katikati ya Marekani viliacha makaa yenye salfa nyingi vikaanza kuleta kwa treni makaa ya jimbo la Wyoming yenye salfa isiyofika hata asilimia 0.5, hasa baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani kukazwa mwaka 1990. Makaa hayo yana joto pungufu, kwa hiyo tuseme tani 6,000 kwa siku. Kwa salfa ya asilimia 0.4, gesi inashuka hadi tani 48, na kaboneti inayohitajika ni tani 75. Ghafla mji wetu mmoja unaweza kubeba karibu nusu ya kazi.

Mtu angeshangilia. Ila kwa makaa yenye salfa kidogo, vituo vingi havijengi mnara wa mvua. Vinajenga mtambo wa nusu-ukavu, ulio nafuu zaidi, unaorusha ukungu wa chokaa ndani ya moshi wa moto na kukusanya unga mkavu kwenye mifuko ya kuchujia. Mtambo huo unataka chokaa kali, iliyochomwa tanuruni na kumwagiwa maji. Kaboneti kwake ni baridi mno, haiwahi kuikamata gesi katika sekunde chache inazopewa. Kwa hiyo pale tope linapoweza kubeba sehemu kubwa ya kazi, mtambo hauliwezi. Pale mtambo unapoliweza, halitoshi. Sijui namna nzuri zaidi ya kueleza kwa nini wazo zuri hukaa makabatini.

Kuna njia ya tatu, nayo ina kichekesho chake. Yapo matanuru ambamo makaa huungua yakiwa yanarushwarushwa na hewa kutoka chini kama maharage yanayochemka, na jiwe la chokaa hutiwa humo humo motoni likaikamata salfa kabla haijatoka. Kaboneti inafaa kabisa, kwa sababu moto wenyewe unaichoma ikawa chokaa kali. Lakini matanuru haya yanataka punje kubwa, kama mchanga, ili zikae ndani zikiungua na makaa. Unga wa tope ni mwepesi mno. Hewa inaupeperusha nje kabla haujafanya kazi. Ulaini uliokuwa sifa kwenye mnara hapa ni kasoro, na kuuponya kunataka kukausha tope na kulifinyanga vidonge. Gharama ya kusaga uliyoikwepa unailipa kwa jina jingine.

Halafu kuna maji. Tope lililotuama tu bwawani linaweza kuwa na sehemu 9 za maji kwa 1 ya kitu kigumu. Kulisafirisha hivyo ni kulipia dizeli ya kubebea maji. Ukilikamua kwa mashine ya kugandamiza unapata donge lenye maji kama nusu, linaloganda kwenye bodi ya lori wakati wa baridi kali ya Iowa. Na jiwe la chokaa la machimboni ni bidhaa rahisi sana, kiasi kwamba safari ndefu kidogo tu inalifanya tope la bure liwe ghali kuliko jiwe la kununua. Pale mambo yanapokwenda vizuri ni pale mtambo wa maji na mnara wa moshi ni majirani: tope linakwenda kwa bomba, na hata maji yake hayapotei, kwa sababu mnara ulikuwa uchanganye unga na maji vyovyote vile. Mambo yanakuwa mepesi zaidi pale mwenye mitambo yote miwili ni mmoja, kwa mfano manispaa inayouza maji na umeme, maana hapo hakuna wa kubishana naye bei.

Uchafu wa tope nao una maneno. Magnesiamu si mbaya, kwenye mnara husaidia kukamata gesi. Mabaki ya majani yaliyooza kutoka mtoni huleta povu. Visima virefu vya majimbo ya Iowa, Illinois na Wisconsin vina radiamu ya asili, yaani metali inayotoa mionzi. Chokaa huiondoa majini, maana yake inaihamishia kwenye tope, na tope likienda mnarani inaishia kwenye jipsamu. Kiwanda cha dari kinaponunua jipsamu ya kituo cha umeme kinapima weupe, usafi na vitu kama hivyo, na kundi moja lililoharibika linaweza kuvunja mkataba wenye thamani kuliko akiba yote iliyopatikana kwenye mawe. Meneja wa kituo akikataa tope lako baada ya kupiga hesabu hiyo, usimwite mbishi.

Tena soko lenyewe linahama. Kituo cha umeme cha mji wa Ames kiliacha makaa na kuhamia gesi asilia mwaka 2016. Gesi hiyo karibu haina salfa. Mabwawa meupe bado yapo, na mteja wake ni yule yule wa zamani, mkulima.

Tope si moja

Hadi hapa nimesema "tope la maji" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wengi hupotea wakisikia habari za namna hii. Mtambo wa maji hutoa tope la aina ya kile kilichotiwa au kilichokuwemo majini, na kila aina inaua uchafu wake.

Uholanzi, kwa mfano, maji mengi ya ardhini yana chuma. Ukiyapitisha hewani chuma kinageuka kutu laini ya rangi ya hudhurungi na kuchujwa. Kutu hiyo haina maana kwa moshi wa makaa, lakini ina uadui mkubwa na gesi nyingine ya salfa, ile inayonuka yai viza. Gesi hiyo hujitokeza kwenye mitambo ya biogesi, inakula injini, na ikiungua inakuwa dioksidi ya salfa, yaani tunarudi pale pale. Kampuni za maji za Kiholanzi zina kampuni yao ya pamoja, AquaMinerals, inayouza mabaki yao, na tope la chuma kwa ajili ya biogesi ni bidhaa yake ya kawaida. Unalimimina kwenye tangi la kuozesha, chuma kinaikamata salfa humo humo ndani, na gesi inatoka ikiwa safi zaidi. Hakuna mnara, hakuna kinu.

Ujanja huu ni wa kale. Viwanda vya gesi ya taa za barabarani katika karne ya 19 viliondoa harufu hiyo kwanza kwa chokaa, na chokaa iliyotumika ikabaki tope la kunuka kiasi cha kuwafukuza majirani. Katikati ya karne hiyo wakahamia kwenye kutu ya chuma, inayoweza kuanikwa hewani ikarudi kazini. Walichagua kitu cha kusafishia kwa kuangalia pia kitaacha nini nyuma yake.

Na kwetu? Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoilisha Dar es Salaam, au Ng'ethu inayoilisha Nairobi, haipambani hasa na ugumu wa maji. Inapambana na udongo wa mtoni. Dawa yake ni shabu, ile ile ambayo kinyozi hukupaka baada ya kunyoa ndevu na ambayo bibi alikorogea kwenye mtungi, au kemikali za ukoo wake. Kwa hiyo tope lake ni mfinyanzi uliochanganyika na hidroksidi ya alumini. Mtu akija na mpango wa kulipeleka likaoshe moshi wa kiwanda "kama Marekani", muulize kwanza kama anajua kwamba halina chokaa ya kutosha kuua asidi hiyo. Tope la shabu lina kipaji kingine. Lina vitundu vingi vidogo vinavyonasa fosforasi kwenye maji taka, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba likikaushwa linaweza kunasa ile gesi ya yai viza. Mahali pake pa kufikiriwa ni kama kichujio cha harufu, au kwenye mitambo ya biogesi kama ule wa mabaki ya mkonge uliozinduliwa Hale, Tanga, mwaka 2008. Kwenye bomba la moshi la kiwanda kinachochoma mafuta mazito lingekuwa linapoteza muda.

Moshi wa salfa uliotuumiza kuliko wote, sisi wasemaji wa Kiswahili, haukuwa hata wa umeme. Ulikuwa wa shaba. Tanuru la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ukaupeleka moshi wake upande mmoja, kaskazini-magharibi. Ukiangalia ardhi ya upande huo unaona umbo la faneli: miombo imetoweka, udongo uko uchi, umejaa shaba na asidi. Moshi wa tanuru la shaba unaweza kuwa na salfa nzito kuliko ule wa makaa, na matanuru ya kisasa hayauoshi kwa chokaa kwanza. Huugeuza asidi ya salfa na kuitumia au kuiuza, kwa sababu Katanga yenyewe inaihitaji asidi hiyo kuyeyushia madini. Chokaa imekuja Lubumbashi kwa mlango mwingine. Kwenye udongo mtupu wa Penga Penga, ndani ya faneli ile, watafiti wa chuo kikuu cha mji huo wamejaribu kupanda miti na nyasi, na ili mizizi isiungue wakachanganya kwenye mashimo mboji na unga mweupe wa chokaa, ule uliopaswa kukutana na moshi kabla haujatoka kwenye bomba.